Mpima Mvua na Mtaa Usioanua

Ukimwona mtu anakuja kichochoroni kwetu kichwa juu, miguu inajitafutia njia yenyewe, huna haja ya kuuliza ni nani. Watu wote wa Mji Mkongwe hutembea wakitazama chini, kwa sababu ya mawe yaliyonyanyuka na maji ya kufulia. Yeye alitazama ule ukanda mwembamba wa mbingu uliobaki baina ya nyumba na nyumba, na akisoma humo. Alimgonga punda wa mchukuzi, aliigonga meza ya muuza kahawa, na siku moja alimgonga imamu wa msikiti wetu, akamwomba radhi bila ya kuteremsha macho. Tukimwita Mpima Mvua. Mwenyewe hakulipenda jina hilo, kwa kuwa alipima pia joto, upepo na unyevu, lakini mtaa haukuwa na nafasi ya jina refu namna hiyo.

Nilimjua kwa sababu ya mapaa. Nililetwa bibi harusi katika nyumba iliyoelekeana na yake, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na mjini kwetu mwanamke akitaka hewa na habari hupanda juu. Nyumba yetu ilikuwa na paa la sakafu, tambarare, la chokaa, na yake vivyo hivyo, na nyingi nyingine za mtaa ule. Huko juu tukianika nguo, magodoro, pilipili, na ukifika msimu, karafuu. Mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, alikuwa na shamba dogo la mikarafuu huko Dole. Hakumwamini mtu yeyote wa huko na karafuu mbichi, kwa hivyo akizileta mjini kwa gari la ng'ombe, zikapandishwa ngazi zote zile kwa migongo yetu, akazianika paani, juu ya kichwa chake mwenyewe.

Mpima Mvua alikuwa mtu wa serikali. Kila siku alipanda baiskeli kwenda kiwanja cha ndege kusoma vyombo vyake, kisha akirudi mtaani na habari ambazo hakuna aliyemuuliza. Na alikuwa na haja moja tu duniani, ambayo alinambia mwenyewe, kutoka paani kwake hadi paani kwetu, zaidi ya mara moja. Alitaka siku moja aseme mvua inakuja, na watu waanue kabla ya tone la kwanza.

"Wasinisifu, wasinambie ahsante," alisema. "Waanue tu, mwanangu. Basi."

Utasema haja gani nyepesi hiyo. Ni nyepesi kwa asiyeujua mtaa wetu. Kwetu kuanika ilikuwa kazi, lakini kuanua ilikuwa heshima. Mwanamke aliyeanua mapema, kisha jua likaendelea kuwaka, alisemwa mpaka mwaka wa pili. Angeitwa mwoga wa mvua. Wangesema nyumba ile haina roho, au ina kitu inachokificha. Kwa hivyo wingu likipanda, hakuna aliyelitazama wingu. Kila mmoja alimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, akijifanya anazigeuza pilipili. Bi Mkubwa alimtazama mke wa muuza mafuta ya taa, mke wa muuza mafuta ya taa alimtazama Bi Mkubwa, na wote wawili walilowa pamoja, kwa adabu. Mvua ikishaanza ndipo mtaa mzima ulipopiga mayowe na kukimbia, na kila mmoja alikuwa na udhuru ule ule, kwamba mvua ya mwaka huu ni ya ghafla.

Mpima Mvua hakuweza kulistahamili neno hilo. "Ghafla!" alikuwa akisema, ameshika ukingo wa paa kwa mikono miwili. "Tangu adhuhuri iko pale imesimama, inawatazama!"

Na kweli ilikuwako. Alinifundisha kuiona, nami mpaka leo naiona. Wakati wa vuli ngurumo zetu hazitoki baharini, kama watu wanavyodhani. Hutoka nyuma yetu, mashariki, kule Uwandani, kwenye nchi ile ya mawe na vichaka. Jua likishapiga mawe yale asubuhi nzima, wingu huanza kupanda, jeupe, dogo, halina neno na mtu. Kisha huota kichwa. Kichwa kikishatanuka na tumbo likawa jeusi, limekomaa, na linaweza kushika njia ya mjini. Upepo wa bahari uliokuwa ukitupepea hukata mara moja, nguo kwenye kamba zikalala. Halafu huja upepo mwengine, wa baridi, kutoka upande usiostahiki. Huo ukikugusa shingoni huna muda wa kumtazama jirani. Alisema hajui la mwaka kesho wala la wiki ijayo, na anayedai kulijua ni mwongo. Yeye alijua la sasa hivi tu.

Barazani kwa muuza kahawa hilo lilikuwa shauri zito. Imamu alimwambia waziwazi kwamba mvua ni katika ghaibu, na ghaibu haisomwi kwa vipande vya kioo vyenye zebaki.

"Shekhe wangu," alijibu, "mie sisemi Mungu atafanya nini. Mgeni akiwa kule mwanzo wa kichochoro, keshaingia, nnamwona kilemba chake, nkisema anakuja, nimetabiri?"

"Huenda akageuka."

"Huenda. Lakini mkeo atatia maji jikoni au hatotia?"

Imamu alifikiri, akasema inategemea ni mgeni gani. Mazungumzo yakaishia hapo, yakahamia kwenye wageni.

Vyombo vyake navyo vilikuwa na habari zao. Huko kiwanjani aliviweka ndani ya sanduku jeupe lenye miguu mirefu na mbavu za mbao, ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani mlikuwa na vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja kimevishwa kitambaa chenye maji, na kwa kulinganisha hivyo viwili alijua hewa ina unyevu kiasi gani. Bi Mkubwa aliposikia serikali inakivisha kipimajoto kitambaa na kukinywesha maji kila siku, alisema sasa ameelewa kodi inakwenda wapi. Wapita njia walilidhani sanduku ni mzinga wa nyuki, wengine banda la njiwa. Mtu mmoja ambaye hakujulikana alilidhani ni jambo kubwa zaidi, kwa sababu asubuhi moja Mpima alikuta kitambaa chekundu kimefungwa mguuni mwa sanduku na chetezo cha ubani chini yake, bado kinafuka. Mtu alikuwa ameliwekea nadhiri. Mpima alikasirika sana, na hakukasirika kwa ajili ya dini. Alikasirika kwa sababu moshi ule ulipandisha joto la Unguja nzima daftarini.

Ili ajue wingu la Uwandani limefika wapi, alimtegemea karani mmoja wa Chwaka, pwani ya mashariki, aliyekuwa na simu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwenye mtambo wa simu hapa mjini, na alikuwa akisikiliza. Hakupaswa kusikiliza, lakini alisema hakuwa na pa kuyaweka masikio yake. Alikuwa akitusimulia mazungumzo yale wakati wa chakula, na Bi Mkubwa akicheka mpaka akipaliwa.

"Halo, Chwaka! Mashariki kukoje?"

"Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam. Kukoje huko?"

"Hamjambo mjini?"

"Hatujambo. Nakuuliza mawingu—"

"Na watoto hawajambo?"

"Wazima. Wingu limeota kichwa?"

"Na mama yako? Nlisikia miguu inamsumbua."

"Anaendelea, alhamdulillahi. Bwana wangu, nakuuliza mbingu!"

"Ah, mbingu kheri tu. Ila subiri nfunge dirisha, maana kunanyesha tangu tulipoanza kuzungumza."

Usimlaumu karani. Mpima alijaribu siku moja kuzikata salamu, akaingia moja kwa moja kwenye mawingu, na karani akaona amevunjiwa heshima. Hakuipokea simu yake vuli nzima. Mvua zote za mashariki za mwaka ule ziliingia mjini bila ya kubisha hodi, mpaka Mpima alipopelekwa Chwaka na watu wazima wawili kuomba radhi, na samaki wakaliwa.

Hata alipoipata habari kwa wakati, ilikuwa bado haijapita kwa mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa Mzungu mmoja mwembamba aliyependa maneno yasiyoweza kumrudia. Habari ilibidi iandikwe, isomwe, ipigwe taipu, isomwe tena, itiwe sahihi, ndipo ipelekwe kusomwa redioni. Ikiingia upande mmoja ikiwa ni ngurumo kali itakayofika mjini kabla ya alasiri, ikitoka upande wa pili imekuwa "huenda pakanyesha mahali mahali." Mara nyingi msomaji aliisoma huku mvua inampigia bati, na sisi tulisikia vyote viwili pamoja.

"Mahali mahali ndiyo wapi?" Mpima alikuwa akiuliza. "Ndiyo Unguja nzima, na Pemba juu yake!"

Mtaa haukumwamini kuhusu mvua inayokuja, lakini ulimwamini kabisa kuhusu mvua inayotakiwa na isiyotakiwa. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi kwa watu wetu. Mtu yule yule aliyemcheka Jumatano alimjia Alkhamisi kumwomba azuie. Bibi mmoja wa mtaa wa Malindi alimletea sinia la halwa ili siku ya harusi ya mwanawe isinyeshe. Ikanyesha, na asubuhi yake bibi alimtuma mtu kuja kuchukua sinia pamoja na halwa iliyobaki. Walikuja watu wa mpunga kutoka Bumbwini, na jogoo, kulalamika kwamba anawapendelea watu wa karafuu. Aliwaeleza kwa upole kwamba yeye hafungi wala hafungui. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakatazamana, mkubwa wao akasema, "Basi tukuletee jogoo wangapi?"

Mkewe, Bi Zuwena, ndiye aliyewapokea majogoo. Mwanamke yule alikuwa mcheshi, na ndiye aliyekuwa mgumu kuliko mtaa wote. Nguo za nyumba yake zililowa kuliko za mtu yeyote. Nilimuuliza siku moja, inakuwaje, naye analala na mwenye habari?

"Huyu?" alisema. "Huyu akitoka hunambia nakuja kula baada ya adhuhuri, akaja na alasiri. Hajui yeye mwenyewe atafika lini, atajua mvua?"

Lazima niseme pia jambo ambalo mwenyewe asingependa nilitaje. Aliogopa ngurumo. Mtu aliyekueleza kwa utulivu radi ni nini na sauti yake inachelewa kwa nini, ikipasuka ya kwanza tu alikuwa keshaingia ndani. Alizicheka nyumba zinazofunika vioo kwa kanga mvua ikija, akasema radi haina habari na kioo chako. Lakini vioo vya nyumba yake ndivyo vilivyofunikwa mwanzo mtaani, na aliyevifunika si Bi Zuwena. Alikuwa pia na mwavuli, akitembea nao siku za jua kali, na mvua ikimkuta njiani hakuufungua. Alilowa huku anacheka, ameukumbatia mwavuli, kwa sababu siku hiyo alisema na ikawa. Nilimwona mwendawazimu kidogo. Nilimpenda kwa hilo.

Siku ambayo mtaa hautaisahau ilikuja katikati ya vuli moja, na mikarafuu mwaka huo ilizaa ajabu. Mapaa yote yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo kwa karafuu zilizokaribia kukauka. Zetu zilikuwa ndizo za kumuoza Salma, binti wa mwisho wa Bi Mkubwa. Mchumba keshapatikana, siku ishapangwa, kilichobaki ni jua. Karafuu haina msamaha: ikilowa ikarundikwa, hupata joto ndani kwa ndani, huvunda, ikatoka imepauka. Watu huiita khuntha, na mnunuzi huinusa akageuza uso.

Mpima aliingia mtaani juu ya baiskeli, anahema, kanzu imemnata mgongoni. Hakungoja taipu wala sahihi siku hiyo. Alisimama katikati ya kichochoro akapiga kelele.

"Anueni! Ishafika Jumbi! Inakuja na upepo, anueni, jamani!"

Vichwa vilitokeza kwenye kingo za mapaa yote. Juu palikuwa buluu safi. Vikageukiana. Mke wa muuza mafuta ya taa akamtazama Bi Mkubwa, Bi Mkubwa akamtazama yeye. Upepo wa bahari ukakata. Niliona kanga kwenye kamba inalala, nikainama nikashika pembe ya jamvi.

"Weka chini," alisema Bi Mkubwa, bila ya kunigeukia.

"Bi Mkubwa, upepo ushakata."

"Weka chini, nimekwambia. Unataka waseme nyumba hii inaikimbia mvua?"

Nikaiweka. Ule upepo wa baridi ukatugusa, na baada yake sikuona tena mbingu. Jamvi la kwanza liliruka na karafuu zake zote likapita juu ya nyumba ya jirani. Maji yalikuja kwa upande. Tulizikumbatia karafuu kwa vifua, tukaziteremsha ngazi kwa ndoo, kwa shuka, kwa kofia za mume wangu, na nyingi zaidi zilikwenda na mifereji ya paa mpaka kichochoroni, zikawa zinapita kama watu wanaotoka msikitini. Mtaa mzima ulikuwa unalia kwa sauti moja.

Na huko chini nilimwona yeye. Alipiga magoti kwenye maji machafu, anazizuia karafuu zetu kwa mikono na kwa upindo wa kanzu. Radi zilikuwa zinapasuka moja juu ya nyingine. Kila moja ikipasuka alijikunja wote, akafumba macho, akatetemeka, kisha akafumbua akaendelea kukusanya. Hakuinuka mpaka mvua ilipopita. Hakusema hata neno moja la "si niliwaambia." Nilisimama mlangoni na ndoo, machozi yananitoka, na yalikuwa ya kwake kuliko ya karafuu.

Karafuu zile zilitoka khuntha, na harusi ya Salma ikasukumwa mpaka msimu mwengine. Ungedhani sasa mtu wa watu ataambiwa pole. Mtaa ulikaa barazani ukatafuta kilichotokea, na ukakipata. Mvua ilikuwa Jumbi huko shamba, imekaa kwake. Nani aliyelitaja jina lake kwa kelele katikati ya njia?

"Alisema inakuja," alisema Bi Mkubwa, "ikaja. Angenyamaza, ingekuja?"

Hakumsemesha tangu siku hiyo. Watoto walifundishwa wasiseme neno mvua mbele yake. Yeye aliendelea kupita kichwa juu, lakini alikuwa hasimami tena kunieleza mawingu, na akipanda paani alisimama upande wa pili, ametupa mgongo.

Kabla ya msimu uliofuata, serikali ilimpa pensheni. Baiskeli aliiweka uani, akavaa kanzu safi, akashika tasbihi. Hapo ndipo mtaa wetu ulipofanya ajabu yake. Alipokuwa akilipwa kwa kusema, maneno yake yalikuwa maneno ya serikali, na nani anayeanua kwa neno la serikali? Sasa alikuwa halipwi na mtu. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, amekaa mlangoni kwake, midomo inacheza. Watu walianza kumwamkia kwa kumbusu mkono. Imamu alianza kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama Ijumaa watandike mikeka nje. Hakuwa amejifunza neno jipya hata moja tangu alipostaafu.

Mara ya mwisho niliyozungumza naye vizuri, kabla hajahamia Pemba kwa binti yake, ilikuwa ni mwishoni mwa msimu huo. Karafuu za Salma zilikuwa zimeanikwa tena, zimebakisha jua la siku moja, na bwana harusi alikuwa ametuma salamu ambazo hazikuwa salamu hasa. Familia yake ilikuwa imechoka kungoja. Nilikuwa paani nazigeuza karafuu, Bi Mkubwa amekaa kivulini kwa ukuta. Mpima alikuwa paani kwake. Kule Uwandani wingu lilikuwa limeota kichwa, na nilikuwa nimeliona kabla yake.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayejisemea. "Mwanangu, lile linakuja."

Nilishika pembe ya jamvi. Nilingoja kuambiwa weka chini, na sikuambiwa. Bi Mkubwa aliinuka, akajifunga kanga kiunoni, akaja akashika pembe ya pili. Mke wa muuza mafuta ya taa alimwona Bi Mkubwa anaanua. Alitupa chungio alilokuwa nalo akaanza kuanua. Aliyefuata akamwona yeye. Mara mtaa mzima ulikuwa unakunja majamvi, unajaza magunia, paa kwa paa, mpaka kule mwisho ninakoishia kuona, bila ya tone kushuka. Walikuwa wanangoja wa kwanza tu, miaka yote ile.

Mpima alikuwa amesimama mikono kichwani. Sijapata kumwona mtu mzima amefurahi namna ile, hata siku ya harusi yake.

Kisha akageuka mashariki, akatazama kwa muda mrefu, na nikaona mabega yake yanashuka.

"Limekufa," alisema.

Nilitazama nami. Kichwa kilikuwa bado kiko juu kule, kimetanda, cheupe. Chini yake hapakuwa na kitu. Tumbo lote limekwisha, jua linapita. Upepo wa bahari haukuwa umekata hata kidogo.

"Halinyeshi tena, mwanangu. Limejimaliza huko huko. Waambie waanike, jua hili wasilipoteze. Karafuu ile haijakauka, itavunda magunini."

Niliwaita wa karibu, wakatikisa vichwa. Ikabidi ateremke mwenyewe. Nilimsikia anagonga mlango kwa mlango, anawasihi, na nilisikia majibu, yote ya heshima.

"Anikeni, jamani, nimekosea. Halinyeshi."

"Usitutie majaribuni, Mzee. Ushasema, tushasikia."

"Lakini tazameni jua!"

"Hata mwaka jana jua lilikuwepo."

Imamu alitoka akamshika mkono. "Tulikukadhibisha miaka yote ukatulaumu. Leo tumekusadiki, na bado hutaki?"

Kwetu Bi Mkubwa alikuwa amekalia gunia, kama anaogopa litaibiwa. Mpima alipanda mpaka paani, ameshika ukuta, hana pumzi.

"Bi Mkubwa, nakuomba. Ni mimi nnayesema."

"Ndiyo maana," alisema. "Mwaka jana sikukusikiliza, Salma akakaa. Mwaka huu nakusikiliza mpaka inyeshe."

Nilitia mkono ndani ya gunia jengine, nikazihisi karafuu zimeanza joto. Sikumuomba mtu ruhusa. Nililiburura gunia mpaka katikati ya paa, nikatandika jamvi, nikamwaga. Mpima alishika pembe akanisaidia kutandaza, kwa viganja vyake vya mtu wa vioo na zebaki, polepole, kama anayeogopa kuziumiza. Bi Mkubwa alitutazama. Hakusaidia, na hakutukataza. Mwishowe aliinuka kutoka kwenye lile gunia alilokalia, akasogea kando, akatazama upande mwengine tulipokuwa tunalichukua.

Jua liliwaka mpaka magharibi. Karafuu zetu zilikauka alasiri ile mpaka zikawa zinavunjika kwa sauti mkononi, na Salma aliolewa kwazo. Lakini hapo ilikuwa bado ni alasiri, na mimi na yeye tulikuwa tumechoka, tumesimama tunapepewa. Paa letu ndilo pekee lililokuwa na kitu. Mengine yote yalikuwa meupe, matupu, na kwenye kila moja wamekaa wanawake na magunia yao ubavuni, mikono mapajani, nyuso zote zimeelekea mashariki.

"Wanangoja nini?" aliniuliza, na nadhani alikuwa anajua.

"Wanangoja mvua yako, Ami."

Alikaa chini juu ya chokaa ya moto, pale pale aliposimama. Alilia, wala hakujificha, akajifuta kwa mkono wa kanzu, akawatazama tena mmoja mmoja mpaka mwisho wa mtaa.

"Basi waache," alisema. "Wameanua. Waache wangoje kidogo."